Sentensi Kamili na Sentensi Pungufu katika Sarufi ya Kiingereza

Miongoni mwa makosa ambayo walimu wa Kiingereza huyapigia mstari mwekundu, limo moja lisiloonekana katika neno lo lote. Mwanafunzi ameandika: "Because the rain fell." Tahajia ni sawa, kitenzi kimo katika wakati wake, herufi kubwa iko mwanzoni na nukta iko mwishoni. Hata hivyo mwalimu huandika pembeni kwamba maneno hayo si sentensi, ni kipande cha sentensi. Mwanafunzi akiuliza sababu hujibiwa kwamba kila sentensi yapasa kueleza fikira kamili, na hii haikueleza. Aghalabu jibu hilo humnyamazisha bila ya kumfundisha, maana yeye alipokuwa akiandika aliiona fikira yake imetimia: palitangulia swali, kwa nini watu hawakuja, naye ametoa jibu, kwa sababu mvua ilinyesha. Kilichopungua ni nini?

Swali hili si la kitoto. Limewashughulisha wanafalsafa na wanasarufi tangu karne ya nne kabla ya Kristo, na historia yake yadhihirisha jambo ambalo vitabu vya shule hulipita kimya: maelezo yanayotolewa darasani na kipimo kinachotumiwa kusahihishia ni vitu viwili mbalimbali. Vilizaliwa katika zama mbalimbali, kwa haja mbalimbali, kisha vikafungwa pamoja vikaitwa kanuni moja. Mwalimu hutaja cha kwanza, akasahihisha kwa cha pili. Mwanafunzi wa Afrika ya Mashariki ndiye aumiaye zaidi kwa mchanganyiko huo, kwa kuwa mtoto wa Kiingereza husaidiwa na sikio lake, naye hana sikio hilo.

Asili ya habari yenyewe ni Plato. Katika mazungumzo yake yaitwayo Sophist, mgeni aliyetoka mji wa Elea aonyesha kwamba majina matupu yakipangwa mstari mmoja, simba, paa, farasi, hayafanyi kauli. Wala vitenzi vitupu, hutembea, hukimbia, hulala, havifanyi kauli. Kauli huzaliwa jina lifungamanapo na kitenzi, na iliyo ndogo kabisa ni ya maneno mawili, kama kusema kwamba mtu hujifunza. Lakini Plato hakuwa akifundisha sarufi. Alikuwa akitafuta jinsi uongo unavyowezekana, na hoja yake ni kwamba neno lililo peke yake haliwezi kuwa kweli wala uongo. Ni kauli tu iwezayo. Ukamilifu alioutafuta ulikuwa wa mantiki, wala hakuufikiria ukurasa wala nukta.

Wanasarufi walipolipokea jambo hilo waliligeuza kidogo. Kitabu kifupi cha sarufi ya Kiyunani kinachohusishwa na Dionysius Thrax, aliyeishi karne ya pili kabla ya Kristo, chasema kwamba sentensi ni mkusanyiko wa maneno uonyeshao fikira timamu. (Wataalamu wa leo hubishana kama kitabu chote ni chake au kama sehemu kubwa yake iliongezwa baadaye.) Priscian, aliyefundisha Kilatini mjini Constantinople mwanzoni mwa karne ya sita baada ya Kristo, aliirudia maana iyo hiyo katika sarufi yake yenye vitabu 18, nayo ikasomwa Ulaya kwa karne nyingi. Jambo la kuangaliwa ni kwamba maelezo hayo yalipokwisha kutolewa hayakutumiwa. Kitabu cha Kiyunani chatoa maana ya sentensi kwa maneno machache tu, kisha papo hapo chageukia aina nane za maneno. Hamna humo zoezi la kupambanua sentensi iliyotimia na isiyotimia, wala halikuhitajiwa, kwa sababu aliyekisoma alikwisha kukijua Kiyunani.

Nukta nayo ilikuja kwa njia nyingine kabisa. Karibu na mwaka wa 200 kabla ya Kristo, Aristophanes wa Byzantium, mkuu wa maktaba ya Alexandria, alitunga alama za nukta zilizowekwa juu, katikati na chini ya mstari. Maandishi ya siku zile yaliandikwa maneno yameshikana bila ya nafasi, na msomaji aliyasoma kwa sauti mbele ya watu. Nukta zilimwonyesha mahali pa kutua, kidogo au sana. Majina ambayo Waingereza huyatumia hata leo kwa alama zao, yaani comma, colon na period, kwanza yalikuwa majina ya sehemu za maneno ya mhutubu, ndipo baadaye yakawa majina ya alama. Basi hadi hapa pana mambo mawili yasiyokutana: fikira, ambayo ni ya mwanafalsafa, na pumzi, ambayo ni ya msomaji.

Wala si Wayunani peke yao waliolifikiri jambo hili. Msomaji aliyepitia darasa za nahau za Lamu au Unguja alikutana nalo mwanzoni kabisa mwa Ajurumia, kitabu kidogo cha Ibn Ajurrum wa Fez, aliyefariki mwaka wa 1323. Humo kalamu, yaani usemi uliotimia, hutakiwa iwe na faida, na wafasiri wa nahau wameieleza faida hiyo kwa kipimo kizuri sana: ni usemi ambao msemaji akinyamaza baada yake, kunyamaza kwake ni kwema, na msikilizaji hangoji zaidi. Mfano wao mashuhuri wa usemi usiotimia ni wa mtu asemaye "Zaid akisimama", kisha akanyamaza. Maneno yamo, kitenzi kimo, mtendaji yumo, lakini msikilizaji amebaki ameinua uso. Kwa upande mwingine, kusema "Zaid mwalimu" katika Kiarabu ni usemi kamili ingawa hamna kitenzi hata kimoja, na amri ya neno moja hutimia pia. Wanachuoni hawa hawakuuliza kama fikira ya msemaji imetimia, jambo ambalo hapana awezaye kulipima. Waliitazama hali ya msikilizaji. Ni hasara kwamba wale waliofundisha Kiingereza katika pwani hii hawakuanzia hapo, kwa kuwa baadhi ya wanafunzi wao walikuwa wamekwisha kufundishwa kipimo hicho.

Kiingereza kilipata kitabu chake cha kwanza cha sarufi kilichopigwa chapa mwaka wa 1586. Kilikuwa kazi ya William Bullokar, naye alifuata nyayo za sarufi ya Kilatini ya William Lily iliyokuwa ikitumiwa mashuleni. Kufuata Kilatini kulikuwa na hatari yake. Katika Kilatini, kama katika Kiswahili, kitenzi hubeba mtendaji ndani yake: venit ni neno moja, maana yake ni anakuja, na ni sentensi nzima. Kiingereza kilikuwa kimekwisha kupoteza karibu miisho yote ya namna hiyo, hata kiima chake kikawa hakina budi kusimama chenyewe mbele ya kitenzi. Sarufi iliyokopwa haikuwa na sababu ya kulikazia jambo hilo, na kwa muda mrefu wanasarufi wa Kiingereza walishughulika na aina za maneno, sentensi wakaigusa tu. Ben Jonson, ambaye sarufi yake ilitolewa mwaka wa 1640 baada ya kufa kwake, alizieleza alama za kituo kwa habari ya pumzi, kama walivyofanya watu wa kale.

Kitabu cha Robert Lowth cha mwaka wa 1762 ndicho kilicholeta mambo yote mahali pamoja. Lowth alikuwa mtu wa dini, baadaye Askofu wa Oxford na kisha wa London, na bingwa wa mashairi ya Kiebrania. Sarufi yake ni kitabu chembamba alichokiita utangulizi mfupi. Humo sentensi yaelezwa kwa maana ile ya kale, kuwa ni maneno yaliyopangwa yakaleta maana timamu. Pia sentensi sahili yaelezwa kuwa ni ile yenye kiima kimoja na kitenzi kimoja kilichofungwa, maana yake kitenzi halisi kisichokuwa jina la kitendo wala sifa ya kitendo. Nazo alama za kituo zapimwa kama sauti za muziki: nukta-mkato ni mara mbili ya mkato, nukta mbili ni mara mbili ya hiyo, na kituo kikuu ni mara mbili tena. Fikira, kitenzi na pumzi vimekaa bega kwa bega katika kurasa chache, wala Lowth hakuonyesha jinsi vinavyopatana. Lindley Murray, Mmarekani aliyehamia karibu na mji wa York, akachukua mengi kutoka kwake katika sarufi ya mwaka wa 1795 aliyoitunga kwa ajili ya shule ya wasichana, na kitabu hicho kikaenea Uingereza na Marekani kuliko kingine cho chote cha namna yake. Mzigo ule wa vitu vitatu ukasafiri nacho.

Karne ya 19 ndiyo iliyokifanya kitenzi kuwa hakimu. Huko Ujerumani Karl Ferdinand Becker alikuwa amefundisha kwamba lugha ichambuliwe kwa kuanzia sentensi nzima na kushukia sehemu zake, na mwaka wa 1852 J. D. Morell, mkaguzi wa shule wa Uingereza, aliiingiza njia hiyo katika kitabu cha kuchambulia sentensi za Kiingereza. Wamarekani waliipenda michoro. Stephen Clark, mwaka wa 1847, alikuwa ameyatia maneno ya sentensi ndani ya viputo vilivyounganishwa; Alonzo Reed na Brainerd Kellogg wa Brooklyn wakavifuta viputo, na katika kitabu chao cha mwaka wa 1877 wakatumia mistari. Mstari mnyofu huchorwa, kiima huandikwa kushoto na kiarifu kulia, na kati yao hupita mstari wa wima unaoukata ule wa kwanza. Maneno mengine huning'inia chini. Kwa mchoro huo kasoro ambayo haikuonekana ikaonekana kwa macho, kwa kuwa penye kipande cha sentensi upande mmoja wa mstari hubaki mtupu. Na kishazi kianzacho kwa because hakiwezi kukaa juu ya mstari mkuu. Nafasi yake ni chini, kikiwa kimefungwa kwa mstari wa nukta nukta kwenye kitenzi kinachoelezwa nacho. Kama hicho kitenzi cha juu hakipo, mchoro hauna pa kuanzia.

Wakati huo huo mitihani ya kuandika ikazidi. Mwaka wa 1874 Chuo Kikuu cha Harvard kilianza kuwataka waombaji waandike insha ya Kiingereza katika mtihani wa kuingilia, na vyuo vingine vikafuata. Mtahini aliye na rundo la karatasi mbele yake apenda kosa liwezalo kuhesabiwa bila ya ubishi. Uzito wa hoja huhitaji kufikiriwa, na watahini wawili waweza kuhitilafiana. Kitenzi kilichokosekana huonekana mara moja na kwa wote wawili. Yafaa kusema kwamba ukali wa kanuni hii haukutoka kwa Plato wala kwa Priscian. Ulitoka mezani pa msahihishaji. Na meza hiyo ilikuwa na miguu mirefu: hadi miaka ya 1960 mitihani ya mwisho ya shule za sekondari za Kenya, Uganda na Tanganyika ilitungwa Cambridge, na kijana wa Tabora au wa Kikuyu alipimwa kwa desturi ile ile ya kusahihisha.

Waandishi, kwa upande wao, walikuwa kana kwamba hawakupata habari. Mwaka ule ule wa 1852 ambao Morell alitoa kitabu chake, Charles Dickens alianza kutoa kwa sehemu za kila mwezi riwaya yake ya Bleak House. Sentensi yake ya kwanza ni jina la mji, na nukta. Zifuatazo, zikieleza matope na ukungu, hupangana moja baada ya nyingine bila ya kitenzi kikuu. Ukungu ule hauanzi wala hauishi. Umekaa tu, na sarufi imekaa nao. Mtoto ambaye angeandika hivyo katika mtihani angepunguziwa alama. Wala haitoshi kusema kwamba Dickens alikuwa na fikira kamili na mtoto hana. Msomaji wa Dickens hana shaka kwamba mwandishi angekitia kitenzi kama angetaka, na shaka hiyo ndiyo ambayo mtoto hana njia ya kuiondoa.

Katika karne ya 20 wataalamu wa lugha waliyatilia shaka yale maelezo yenyewe. Mjerumani John Ries, katika kitabu cha mwaka wa 1931 ambacho jina lake ni swali la sentensi ni nini, alikusanya maelezo kama 140 yaliyotolewa na watu mbalimbali, yasipatane. Mwaka wa 1933 Leonard Bloomfield wa Marekani aliitupa fikira nje kabisa. Kwake sentensi ni umbo la maneno lisilokuwa, kwa muundo wo wote wa sarufi, sehemu ya umbo jingine lililo kubwa zaidi. Na semi fupi zisizofuata muundo wa kawaida aliziita sentensi ndogo, hakuziita mbovu.

Charles Fries wa Chuo Kikuu cha Michigan alikwenda mbele zaidi, kwa kuwa hakukusanya maelezo, alikusanya maneno ya watu. Mjini Ann Arbor alinasa kwa mashine mazungumzo ya muda wa saa 50 hivi, mengi yakiwa ya simu, jumla ya maneno kama 250,000, ya watu wasiojua kwamba wananaswa. Leo asingepewa ruhusa. Kitabu alichokijenga juu ya mazungumzo hayo, The Structure of English, kilitoka mwaka wa 1952. Aliyakata mazungumzo mahali ambapo msemaji mmoja alinyamaza na mwingine akaanza, na msomaji wa Ajurumia angetabasamu kuona kunyamaza kumerudi kuwa kipimo baada ya safari ndefu namna hiyo. Kisha akaona kwamba usemi wa kuanzisha mazungumzo na usemi wa kujibu havifanani. Wa kujibu waweza kuwa neno moja, au jina tupu, au kishazi kianzacho kwa because, na aliye upande wa pili wa simu haoni upungufu wo wote, kwa kuwa swali lake mwenyewe ndilo lililobeba nusu ya kwanza.

Hapo kosa la yule mwanafunzi laeleweka. Yeye aliandika jibu. Masikioni mwake swali lilikuwapo. Ukurasani halipo, au liko katika sentensi iliyotangulia, nayo imekwisha kufungwa kwa nukta. Fikira yake ilikuwa kamili kweli, na mwalimu aliyemwambia kwamba haikukamilika alimwambia jambo lisilokuwa kweli, ingawa kosa aliloliona lilikuwapo. Kanuni ya sentensi kamili ni kanuni ya ukurasa, mahali ambapo msemaji na msikilizaji hawaonani. Ernest Gowers, aliporekebisha kamusi ya matumizi ya Kiingereza ya H. W. Fowler mwaka wa 1965, aliweka humo makala juu ya sentensi zisizokuwa na kitenzi, naye hakuzipiga marufuku. Alizipanga kwa kazi zake. Na huko New York, Mina Shaughnessy alisoma insha kama 4,000 za majaribio zilizoandikwa kati ya 1970 na 1974 na wanafunzi walioingia City College baada ya milango yake kufunguliwa kwa wote. Kitabu chake cha mwaka wa 1977 chaonyesha kwamba makosa ya vijana hao yalikuwa na utaratibu wake, na kwamba wengi wao walikuwa wageni wa lugha ya maandishi, si wavivu.

Baadhi ya walimu wamejaribu kuipa kanuni hii msingi mwingine. Rei Noguchi, mwaka wa 1991, alishauri kwamba maneno yanayotiliwa shaka yatiwe nyuma ya maneno mengine, kama vile kusema kwamba watu walikataa kuamini ya kuwa jambo fulani ni hivi. Kama yakikaa vizuri hapo ni sentensi, na yakigoma ni kipande. Ni hila nzuri, nayo haimhitaji mtoto kujua kiima wala kiarifu. Lakini yategemea sikio. Mwenye Kiingereza cha mama yake husikia mara moja kwamba maneno yamegoma. Aliyejifunza Kiingereza darasani aweza kuyasikia yote yamekaa vizuri, au yote yamegoma.

Kwa msemaji wa Kiswahili shida si ukosefu wa hisi ya ukamilifu. Anayo, na lugha yake imeikaza kuliko Kiingereza, ila imeiweka mahali pengine. E. O. Ashton, katika sarufi yake ya mwaka wa 1944, alieleza kwa urefu jinsi kitenzi cha Kiswahili kinavyojengwa kwa viambishi vya nafsi, vya wakati na vya urejeshi, na humo ndimo ukamilifu ukaamo. "Alifika" ni sentensi. "Alipofika" si sentensi. Silabi moja imeingia tumboni mwa kitenzi, na msikilizaji ye yote, hata mtoto asiyejua kusoma, angoja yaliyosalia. Ndivyo ilivyo kwa "mtoto alikuja" na "mtoto aliyekuja". Ndivyo ilivyo pia kwa "Zaid anasimama" na "Zaid akisimama", mfano ule ule wa wanachuoni wa Kiarabu, nao watoshea Kiswahili kana kwamba ulitungwa hapa. Barua za kale za pwani, zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu, kwa kawaida hazikuwa na alama ya mwisho wa sentensi, na hata hivyo zilisomeka. Maneno kama ama baada, na tena, na basi yalimwongoza msomaji, na vitenzi vyenyewe vilimwambia ni kipi huru na ni kipi kinachomtegemea mwenzake. Kiambishi -ka- kina tabia yake ya pekee. "Akaondoka" ina nafsi na ina kitenzi, lakini anayeambiwa hivyo bila ya kutangulia neno huuliza, baada ya nini?

Utegemezi wa Kiswahili, basi, aghalabu umo ndani ya kitenzi. Utegemezi wa Kiingereza umo nje yake, katika neno dogo lililosimama mlangoni: when, if, who. Ukiliondoa neno hilo, kitenzi kilichobaki ni kizima, hakina alama yo yote ya kuwa kilikuwa chini ya kingine: "when he arrived" hugeuka "he arrived". Aliyezoea kusikia utegemezi katika kitenzi akitazama arrived haoni kitu, naye hutia nukta. Tena liko kundi la maneno ambayo Kiswahili chenyewe hakiyatilii alama. Katika "kwa sababu mvua ilinyesha" kitenzi ni huru kabisa, hakikuingiwa na silabi yo yote. Hali kadhalika "ingawa mvua ilinyesha". Hapa lugha zote mbili zimeuweka utegemezi nje, na mwanafunzi hana lugha ya kumwonya. Hiyo ni sababu moja ya because kuwa mtego kwake, na mwalimu aijuaye sababu hiyo angeweza kuanza somo kwa maneno hayo machache, badala ya kuanza kwa fikira.

Kiima huleta shida ya namna nyingine. Kwa kuwa a- ya "anakuja" imekwisha kumtaja mtendaji, kijana aliyefundishwa kwamba Kiingereza hakikubali kitenzi kisicho na kiima huandika "My father he is coming", akiitafsiri ile a- kwa uaminifu. Amekosea kwa kuzidisha. Na penye "ni" hukosea kwa kupunguza. "Hamisi ni mwalimu" ni sentensi kamili ambayo haina kitenzi chenye nafsi wala wakati, kwani ni haibadiliki kwa mtu wala kwa siku. Tena yaweza kuachwa, mtu akasema "mimi Mzaramo" na mazungumzo yakaendelea. Kipimo cha Lowth kikitumiwa hapa kingezitoa nje sentensi nyingi njema za Kiswahili. Katika Kiingereza hakina msamaha, na "Hamisi a teacher" ni kipande.

Hata hivyo ni kipimo hicho cha kitenzi, kikitengwa na habari za fikira na pumzi, kimfaacho zaidi mwanafunzi huyu, na lugha yake yaweza kumsaidia kukitumia. Kitenzi cha Kiswahili hakiwezi kuandikwa kikaficha hali yake. Mwanafunzi aliyeandika "The children running to school" na kutia nukta, akitakiwa kuyasema maneno yake kwa Kiswahili, hulazimika kuchagua: watoto wanakimbia, watoto wakikimbia, au watoto wanaokimbia. Kiingereza chake hakikuchagua, na kwa kutochagua hakikuwa na kitenzi kilichofungwa. Umbo lishialo kwa -ing ni rahisi kulijua. Lililo gumu zaidi ni lile la wakati uliopita, ambalo katika vitenzi vingi vya Kiingereza hufanana na umbo la sifa ya kitendo. Katika "The students borrowed the books" wanafunzi waliazima vitabu, na sentensi imetimia. Katika "The books borrowed from the library" ni vitabu vilivyoazimwa maktabani, na msomaji bado angoja kuambiwa habari zake. Waliazima na vilivyoazimwa hayafanani kwa nafsi, wala kwa urejeshi, wala kwa mwisho wa kitenzi. Kwa Kiingereza yote mawili huandikwa borrowed.